Uzi: Kuisimulia Shela kwa kitako cha sentimita 20, jicho la mtazamaji litue wapi?

#1 Fundi_wa_Shela (Shela, Lamu)

Assalamu alaykum ndugu zangu, na salamu kwa kila anayesoma.

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiunda diorama, yaani mandhari ndogo ya sanamu juu ya ubao, ya Vita vya Shela, vita ambavyo majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka kwenye ufuo wetu takriban mwaka 1813 yakashindwa na watu wa Lamu. Masimulizi wenyeji mnayajua: wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, na wengi wao wakaishia hapo hapo ufuoni. Diorama hii nimeiunda mara mbili. Ya kwanza nimeivunja, na sababu za kuivunja ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu, kwa kuwa naona wengi wetu tunaounda mambo ya vita tunakwama pale pale nilipokwama mimi.

Ile ya kwanza ilikuwa na kitako, yaani ubao wa chini, cha sentimita 60 kwa 40, kwa skeli ya 1:72 (kila kitu kimepunguzwa mara 72), na sanamu 46. Nilitaka kila kitu kiwemo: wapiganaji wa Lamu juu ya vilima vya mchanga, wavamizi wakirudi nyuma, vyombo vitatu, minazi, mzinga mmoja, na Ngome ya Lamu kwa nyuma. Kuhusu ngome nilikosea mara mbili, kwa sababu ujenzi wake haukukamilika hadi takriban 1821, na kwa sababu kutoka Shela hadi mjini ni kama kilomita 3, umbali ambao kwa skeli hiyo ungehitaji ubao wa zaidi ya mita 41.

Nilipomaliza niliwaita watu waitazame bila kuwaambia lolote. Mmoja aliisifu minazi. Mwingine alihesabu sanamu. Mtoto wa dada yangu aliuliza kama mzinga unafyatua kweli. Hakuna hata mmoja aliyetaja maji, ilhali maji ndiyo kisa chenyewe. Bila maji kukupwa, ile ilikuwa vurugu ya watu wenye mikuki ambayo ingeweza kuwa vita vyovyote, popote.

Wanabahari wetu husema kwamba kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia huzunguka chombo chote, nyuma na mbele, lakini hana budi kurudi ngamani, kwa kuwa huko ndiko maji yanakokusanyika na ndiko anakotakiwa kuyafua. Sijapata maelezo bora kuliko hayo kuhusu mpangilio wa diorama ndogo. Jicho la mtazamaji liachwe litembee, lione mchanga, kamba, mkunjo wa nguo, lakini kila njia linayoishika iwe inalirudisha mahali pamoja, mahali ambapo mimi nimezoea kupaita ngama ya diorama.

Kwa hiyo safari ya pili, kabla ya kukata ubao, niliandika sentensi moja kwenye karatasi nikaibandika ukutani: mtu anasukuma chombo ambacho hakitasogea. Kila nilichotaka kukiongeza nilikipima kwa sentensi hiyo. Mzinga hausukumi wala hausukumwi, ukatoka. Minazi haina habari na chombo, ikatoka. Nilihamia skeli ya 1:35, ambamo mtu wa mita 1.70 ana urefu wa karibu milimita 49, ili mabega na viganja viweze kusema jambo, nikachagua kitako cha sentimita 20 kwa 14. Hicho ni kipande cha ufuo cha mita 7 kwa mita 4.9 tu. Chombo cha mita 12 kwa skeli hiyo kina sentimita 34, hivyo hakienei, nami sikulazimisha kienee. Nimekikata kwenye ukingo wa kitako, ikabaki nusu ya nyuma peke yake, kimelala upande kidogo kama chombo kilichopwelewa kinavyolala, na mtazamaji anajijazia mwenyewe sehemu isiyokuwepo.

Sanamu sasa ni tatu, na picha nimeiweka hapa. Wa kwanza amekiegemea chombo kwa bega, miguu imezama hadi kwenye vifundo. Wa pili, mwenye nguo nyeupe ya merikani (kitambaa cha pamba kutoka Marekani), ameshika ukingo wa chombo kwa mkono mmoja, lakini uso ameugeuzia baharini. Wa tatu ni mpiganaji wa Lamu anayeteremka kilimani akiwa na mkuki. Chombo sikukiweka sambamba na ukingo wowote wa kitako, kwa sababu mistari inayokwenda sambamba na ukingo huufanya ufuo uonekane kama rafu ya dukani, na ngama sikuiweka katikati kabisa. Iko kushoto kidogo, ili mchanga mtupu wa upande wa kulia upate kazi ya kufanya, yaani kuonyesha kwamba maji yamekwenda mbali.

Kuhusu mchanga wenyewe, neno moja la kuwasaidia wenzangu wa pwani. Tunao mchanga mlangoni na tunadhani unafaa hivi hivi ulivyo. Punje ya nusu milimita, kwa 1:35, ni kokoto ya milimita 17. Nimeuosha kwa maji matamu mara kadhaa ili chumvi isije ikachomoza juu ya rangi baadaye, nikauanika, kisha nikauchekecha kwa kitambaa chembamba na kutumia vumbi lililopita, likiwa limeshikwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji.

Ninachowauliza ni mambo mawili. Je, mtu wa tatu ana haki ya kuwepo? Na je, maji yenyewe yaonekane, au yakosekane kabisa?


#2 Askari_wa_Bati (Dar es Salaam)

Wa alaykum salaam kaka Fundi. Nimeisoma mada yako mara mbili, na naanza na mfano wa mbali unaokuunga mkono.

William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, alitengeneza mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo ulioonyeshwa London mwaka 1838, wenye sanamu ndogo za metali zaidi ya 70,000. Leo uko National Army Museum, London. Pamoja na wingi huo, hakujaribu kuionyesha siku nzima ya tarehe 18 Juni 1815. Alichagua wakati mmoja, saa moja ya jioni hivi, vita vilipofikia kilele. Ikiwa mtu mwenye sanamu elfu sabini aliona hana budi kuchagua dakika moja, sisi wenye sanamu tatu tuna udhuru gani?

Mfano wa karibu ni Sanamu ya Askari hapa kwetu, ukumbusho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni mtu mmoja wa shaba, bunduki mkononi, na singe imeelekea bandarini. Ukimtazama, jicho lako linapanda mwilini, linapita kwenye bunduki, na linatoka kwenye ncha ya singe likiwa tayari lina mwelekeo. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, akiwemo mpagazi, nami nafurahi kwamba mpagazi alikumbukwa, maana bila wapagazi vita vile visingeendelea hata wiki moja. Lakini kwa upande wa mpangilio, jicho langu huruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine na halikai. Watatu wanaheshimiwa, ila hawatendi jambo moja.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Huyo mtu wako wa pili anayetazama baharini anaitoa nje ya kitako nguvu yote uliyoikusanya. Uso wa mwanadamu ndio kitu cha kwanza ambacho jicho hukitafuta katika diorama, na likishaupata huufuata kule unakotazama. Ukimwacha atazame nje, mtazamaji naye atatazama nje, atakutana na ukingo wa ubao na ukuta wa chumba chako. Mgeuze amtazame anayesukuma. Macho mawili yakielekea bega moja, hakuna atakayeuliza kisa kiko wapi.

Na wa tatu mwondoe. Mkimbizaji na mkimbizwa ni kisa kingine kabisa, nacho kina ngama yake.


#3 Bi_Mkomani (Lamu)

Ndugu yangu Fundi, mimi sanamu siundi ila nazipaka rangi, na kabla ya hapo nilikuwa, na bado ni, mchoraji wa hina na piko. Nitazungumzia rangi na uwazi peke yake.

Msichana anayejifunza kuchora hina hujaza kiganja chote, kwa kuwa anaogopa mahali patupu. Mwalimu wangu alikuwa akinishika mkono na kunizuia, akisema ua linasimama kwa sababu ya ngozi iliyoachwa pembeni yake. Mchanga wako mtupu wa upande wa kulia usiujaze chochote, wala kaa, wala kamba, wala gogo lililoletwa na mawimbi, hata kama mkono unakuwasha. Hata hivyo mtupu si sawa na uliosahauliwa. Mchanga uliotoka majini una rangi nzito zaidi kuliko mkavu, na mpaka kati ya hizo mbili ni mstari ambao unaweza kuuelekeza utakako.

Sasa nguo. Picha uliyoweka inaonyesha mtu wa pili akiwa na nguo nyeupe pe, juu ya chombo cha rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo sababu jicho linamwendea yeye kabla ya anayesukuma. Si suala la uso tu kama alivyosema kaka wa Dar es Salaam. Palipo na mwanga mkali kando ya giza zito ndipo jicho linapotua, na wewe umempa mtu asiyefanya kazi. Mvishe kaniki, rangi yake nzito ya bluu itamkalisha nyuma bila kumfuta. Weupe mpe anayesukuma, lakini weupe uliolowa na kuchafuka, na rangi nyekundu, kama unayo nia ya kuitumia, iwe mahali pamoja tu katika diorama nzima, labda kwenye pindo la kikoi chake au kilemba kilichomteleza. Nyekundu mbili huanza kuitana, na jicho hubaki likitembea baina yao kama mjumbe.

Nimeona pia umeandika kwamba nguo ile ni ya merikani. Kitambaa hicho kilienea kwetu baadaye. Wamarekani walifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, miaka ishirini baada ya Shela. Ni neno dogo, lakini wewe ni mtu wa kujali, nikaona nikwambie.

Jaribu jambo hili usiku wa leo: ipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kinachong'aa kuliko vyote hapo ndicho unachokisimulia, upende usipende.


#4 Malindi_Ufuoni (Malindi)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mgeni katika kazi hii, naomba nidandie uzi huu kwa swali linalofanana.

Italia iliingia vitani Juni 1940, na mwezi Oktoba mwaka huo ndege zake ziliudondoshea mji wetu mabomu. Watoto wengi wa Malindi wa rika langu hawajui kabisa kwamba jambo hilo lilitokea hapa. Nimekusudia kuunda diorama ya tukio hilo kwa skeli ya 1:72, ndege ikiwa imening'inizwa kwa waya juu ya ufuo, moshi wa pamba, watu wanakimbia, na kwa nyuma Mnara wa Vasco da Gama ili kila mtu ajue ni Malindi. Kitako nilichonacho ni sentimita 30 kwa 30. Mnanishauri vipi?


#5 Fundi_wa_Shela

Dada yangu Bi Mkomani, nimefanya ulivyosema. Katika picha isiyo na rangi, yule mwenye nguo nyeupe aling'aa kama taa na msukumaji akapotelea ndani ya mbao za chombo. Kaniki nimeshaichanganya leo asubuhi. Kuhusu merikani, ahsante. Nilikuwa nimelitumia neno kwa mazoea.

Kaka Askari, kuhusu mtu wa pili nilikusikia lakini sikukubali mara moja, nikaamua kupima. Nilitengeneza vichwa viwili vya putti ya epoksi, kimoja kinatazama baharini na kingine kinamtazama msukumaji, vyote vikichomekwa kwa kipande cha waya ili niweze kuvibadilisha, na nikawaita watu sita, watatu kwa kila kichwa, kila mmoja akiangalia kwa hesabu ya kumi kisha ananiambia alichoona. Waliokiona kichwa kinachomtazama mwenzake walisema watu wawili wanahangaika na chombo. Waliokiona kinachotazama baharini walianza kwa msukumaji, kisha wakauliza, huyu mwengine anaangalia nini? Wakafuata, wakakuta mchanga mkavu, na wawili kati yao wakasema wenyewe, maji yamekwenda. Kwa hiyo naafiki kwamba uso unaotazama nje hulitoa jicho nje, ila naona kuna nje ya aina mbili. Iko nje isiyo na kitu, ambayo ndiyo uliyoiogopa, na iko nje ambayo ni sehemu ya kisa. Baharia anayetafuta bahari asiione anamrudisha mtazamaji kwenye chombo akiwa na habari mpya. Kichwa hicho kimebaki, ila nimeteremsha kidevu chake ili macho yapite juu ya mchanga wa kitako kwanza kabla ya kutoka.

Sasa mdogo wangu wa Malindi. Marahaba, na wazo lako ni jema sana. Nami nakusihi usiliache. Nakushauri uitoe ndege.

Najua ndiyo uliyoipenda kwanza. Lakini fikiria: ndege ya vita ya injini nyingi, hata kwa 1:72, itakuwa pana kuliko kitako chako au karibu nacho, itakuwa juu kuliko kila kitu, na itaning'inia kwa waya ambao kila mtu atauona. Diorama yako itakuwa ya ndege. Watu wa Malindi, ambao ndio unaotaka wakumbukwe, watakuwa vijidoa chini yake. Iache ndege iwe angani kweli, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuiona, na uionyeshe kwa shingo za watu. Sanamu nne au tano zilizoinua nyuso kuelekea pembe moja ya anga zinatosha kuleta ndege ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza. Na katika hao, mmoja asitazame juu. Mpe mvuvi aliyeangusha kapu la samaki, na mtoto ambaye hajaelewa, ameinama anaokota samaki. Watu wote wakifanya jambo moja na mmoja akafanya tofauti, jicho humwendea huyo mmoja bila kusukumwa, na moyo nao humfuata, kwa sababu mtazamaji anajua kinachokuja na mtoto hajui.

Wapo wanaochora kivuli cha ndege juu ya mchanga. Mimi sikishauri. Kivuli kilichochorwa kina jua lake, na taa ya chumba ina jua lake, na diorama yenye majua mawili haimtulizi mtu.

Mnara wa Vasco da Gama pia uache. Ni mweupe, umesimama wima, umechongoka, na una msalaba juu. Hakuna kitu kitakachoushinda kuvuta macho, na utaihamisha habari yako kutoka 1940 hadi karne ya 15. Kama unataka Malindi ijulikane, tumia aina ya chombo, makuti, mawe ya matumbawe. Kisha kata katoni ya sentimita 18 kwa 18 na upange watu wa plastisini humo kabla hujagusa gundi. Kwa 1:72 hiyo ni karibu mita 13 kila upande. Inatosha kabisa.


#6 Ami_Langoni (Lamu)

Sabalkheri wanangu. Nimewasoma kimya kwa siku tatu, na leo nina maneno mawili, moja la chombo na moja la heshima.

La chombo. Mwanangu Fundi, umeunda mashua ya misumari. Nimeona katika picha umepanga vichwa vya misumari mstari mzuri kutoka katikati hadi tezi, na ni kazi ya subira, siikatai. Lakini katika visiwa vyetu zama hizo mitepe ilikuwa ikitumika sana, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Sisemi kwamba kila chombo kilichopwelewa Shela kilikuwa mtepe. Nasema kwamba ukiweka mtepe unasema habari ya Lamu na Pate, na ukiweka mashua unasema habari ya pwani yoyote. Tena usinisikie vibaya ukakimbilia kuonyesha omo. Omo ya mtepe ilikuwa na kichwa kirefu kilichopambwa, ambacho wazee walisema ni mfano wa ngamia wa Mtume, na kichwa kile ukikiweka hapo hakuna atakayemwona mtu wako. Ulivyoikata nusu ya nyuma umefanya sawa. Ibakie hivyo.

La heshima. Mnazungumza habari ya kumwondoa mpiganaji wa Lamu kama mnavyoondoa mnazi. Walioshinda siku ile ni watu wa mji huu, na baada ya ushindi ule ndipo mji ulipomwelekea Sayyid Said wa Oman kwa ulinzi, na ngome ikamalizwa. Diorama ya Shela isiyo na mtu wa Lamu ndani yake, ikionyesha huzuni ya mvamizi peke yake, wajukuu zetu wataielewa vipi? Sisemi kwa hasira. Nauliza kwa sababu kitu kidogo kinachokaa kabatini huishi kuliko maneno yetu.


#7 Fundi_wa_Shela

Ami yangu, sabalkheri, na nashukuru kwamba umesema.

Neno la chombo nililifanyia kazi kwanza kwa kuwa lilikuwa rahisi kukubali. Niling'oa vichwa vyote vya misumari, nikaziba matundu, na kwa kuwa chombo kimelala upande, ndani yake panaonekana kidogo. Hapo nimepitisha nyuzi za kumbi zilizochambuliwa moja moja, kama mishono inayofuata maungio ya mbao. Jambo ambalo sikulitarajia ni hili: ule mstari wa misumari ulikuwa ukilivuta jicho kutoka begani kwa msukumaji hadi tezi, kisha nje ya ubao. Nilikuwa nimejenga njia ya kutorokea bila kujua. Mishono nimeianzisha ukingoni na kuimaliza karibu na mkono wa mtu wa pili, na sasa njia inakwenda upande unaotakiwa. Ukweli wa chombo umerekebisha mpangilio, nami tangu siku hiyo nimeanza kuchunguza upya kila kitu nilichokiweka kwa kukisia.

Neno la heshima lilinikosesha usingizi. Mpiganaji nilikuwa nimeshamtoa kwa ushauri wa kaka Askari. Nilijaribu kumrudisha mahali pa awali, na kila mara ilitokea kama alivyosema kaka Askari: macho yaligawanyika, nusu kwake, nusu kwa chombo, na kila mtazamaji aliuliza nani atamfikia nani. Nilijaribu kumshusha hadi pembeni kabisa, akawa kama mtu aliyepotea njia. Lakini ulichosema ni haki, kwamba asiyekuwepo husahaulika.

Nilichofanya ni hiki. Mpiganaji ametoka, mkuki wake umebaki. Umeshatupwa na umeshachoma mchangani, sentimita 3 nyuma ya msukumaji, ambayo kwa ukweli ni zaidi kidogo ya mita moja. Mpini umeinama ukitokea upande wa vilima vya Shela, hivyo mtazamaji anajua watu wa Lamu wako wapi, anajua wako karibu, na anajua mkuki unaofuata hautakosa. Mstari wa mpini unaelekea mgongoni kwa msukumaji, kwa hiyo badala ya kushindana na ngama unailinda. Nyayo pia nimezipanga upya: zinashuka kutoka kilimani, zikiwa na shimo zaidi upande wa vidole kwa kuwa waliokimbia walikuwa wakikanyaga kwa vidole, na zinaishia pale penye chombo. Nilizichapa plasta ikiwa bado na unyevu, kabla ya kunyunyiza vumbi la mchanga.

Kwa maji, nimeamua yaonekane kidogo sana. Ni utepe wa rezini (kimiminika kinachoganda kikawa kama kioo) wa sentimita 2 kwenye pembe ya mbali, yaani sentimita 70 za bahari ya kweli. Vanishi ya kung'aa nimeipaka mahali pamoja tu, kwenye mchanga ulioachwa na maji muda mfupi uliopita, kuanzia utepe huo hadi chini ya mkuku, ikipungua kadiri inavyokaribia chombo. Kwingine kote ni vanishi isiyong'aa. Na ubavuni mwa chombo nimeweka alama ya maji, giza chini na kavu juu, ikiwa sambamba na bahari wala si na mchanga, kwa sababu chombo kilipokuwa kikielea kilikuwa kimesimama sawa, hivyo sasa kimelala na alama imelala nacho.


#8 Bi_Mkomani

Samahani ndugu yangu, hapo mwisho nimekwama. Ikiwa alama ni sambamba na bahari, haiwezi kuwa imelala na chombo. Ni mojawapo.


#9 Fundi_wa_Shela

Umesema kweli, dada, nimeandika vibaya. Alama inafuata chombo. Ilikuwa sambamba na bahari chombo kilipoelea, na sasa imeinama pamoja na mbao. Kwenye diorama yenyewe iko sahihi, nimetoka kuitazama.


#10 Askari_wa_Bati

Kaka, kwa mkuki nakuvulia kofia. Kwa yule anayetazama baharini bado sijashawishika, watu sita ni wachache, lakini naona umeteremsha kidevu chake na hilo limepunguza madhara. Ningekuomba jambo moja kabla ya kumwaga rezini: itazame diorama kwenye kioo. Mtu aliyeizoea kazi yake kwa miezi haoni tena uzito umeegemea wapi, na kioo kikiigeuza kulia kushoto huiona kama ya mtu mwingine. Mimi niliwahi kugundua hivyo kwamba vichwa vitatu vya sanamu zangu vilikuwa kwenye kimo kimoja kama watu waliopangwa kupigwa picha ya pasipoti, na tiba ilikuwa kumpigisha magoti mmoja wao.


#11 Malindi_Ufuoni

Shikamoo kaka Fundi. Nimekata katoni ya 18 kwa 18 na nimewapanga watu watano wa plastisini. Nilidhani bila ndege patakuwa patupu, lakini mama yangu alipopita aliitazama, kisha akainua uso akaangalia dari. Sikumwambia chochote. Ndege nimeirudisha kwenye boksi lake.

Swali langu sasa ni la mtoto. Nimemweka mbele kabisa, karibu na ukingo, na naona kama anataka kuanguka nje ya ubao.


#12 Fundi_wa_Shela

Marahaba mdogo wangu. Msogeze ndani kwa urefu wa mwili wake mmoja, yaani kama sentimita 2, na umgeuze ili mgongo wake ndio uelekee ukingo na uso uelekee ndani, kwenye samaki. Kisha samaki mmoja atangulie mbali kidogo na wenzake, upande wa mvuvi, ili mkono wa mtoto uwe unamfuata. Hapo utakuwa na njia kutoka kwa mtoto hadi kwa mvuvi, na kutoka kwa mvuvi hadi angani.


#13 Ami_Langoni

Mwanangu, nimeiona picha ya mkuki. Uko mahali pake. Umefikiria kibao cha jina utaandika nini? Maana nimeona watu wanaandika hadithi nzima hapo kwa herufi ndogo.


#14 Fundi_wa_Shela

Ami, nilikuwa nimeandaa mistari sita. Nimebakisha "Shela, takriban 1813", na kibao nitakibandika ubavuni mwa kitako, upande wa vilima. Rezini naimwaga Jumamosi. Inahitaji saa 24 bila vumbi, na upepo wa wiki hii hauruhusu kabla ya hapo. Nitaweka picha Jumatatu, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe.